Kijana Anayejiumiza: Je, ni Pepo, ni Dhambi, ao ni Kidonda?

Masomo: Marko 5:1-20, 1 Wafalme 19:1-8, 2 Samweli 13:1-29, Matendo 16:25-34



Katika ukurasa huu tunataka kusema neno ambalo watu wa kwetu Masisi na Walikale hawapendi kulisema mbele ya wengine. Ni habari ya kijana anayejikata mkono kwa siri, kisha anavaa shati la mikono mirefu hata wakati wa jua. Ni habari ya msichana anayekaa siku mbili bila kula, na wakimwuliza anajibu kwamba hana neno. Ni habari ya mtu wa miaka 20 anayekunywa kanyanga kila jioni kwa sababu anaogopa usingizi, na ya yule anayesema polepole kwamba ingekuwa heri asizaliwe. Nyumbani wanasema amerogwa. Majirani wanasema ni uvivu ao kiburi. Katika chumba cha maombi wanasema ana pepo. Kila mmoja akiisha kusema lake, kijana anabaki peke yake.

Basi tunauliza: kijana huyu ana pepo, ametenda dhambi, ao ana kidonda? Swali hili si la kubishana baada ya ibada tu. Kwa jibu letu atafungwa kamba, ao atalaumiwa, ao atatunzwa. Na kuna watu waliokufa kwa sababu walijibiwa vibaya.

1. MACHO YA MTOTO YALIONA NINI?

Kabla ya kumhukumu kijana, tuhesabu kwanza miaka yake. Tarehe 20 mwezi wa 3 mwaka 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, huko Walikale, na baada ya siku chache moto ule ukaingia Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na wengi zaidi waliacha mashamba na nyumba zao. Mwaka 1994 walikuja wakimbizi wengi kutoka Rwanda, na kati yao watu wenye silaha. Mwaka 1996 vita ikaja, ndipo tukajifunza neno hili la «kadogo», maana yake mtoto aliyepewa bunduki. Mwaka 1998 vita ikarudi. Baada ya hapo majina ya vikundi yalibadilika mara nyingi, lakini mtoto aliyelala porini na mvua ilimnyeshea ileile.

Kutoka tarehe 30 mwezi wa 7 hadi tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine, jumla yake 13, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, katika Walikale. Wachunguzi wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Mtoto wa miaka 6 aliyejificha siku ile na kusikia sauti ya mama yake alitimiza miaka 20 mwaka 2024. Kisha mwaka 2025, mwezi wa 1, mji wa Masisi ulitekwa na M23. Mwezi wa 3 walifika Walikale, wakaondoka mwezi wa 4. Katika mwezi wa 2 mwaka ule, watu wa kambi za pembeni ya Goma, wengi wao wana wa Masisi, waliambiwa kurudi kwenye vijiji ambavyo watoto wao walivijua kama mahali pa kukimbia tu.

Angalieni tena jambo hili. Mtoto wa miaka 5 wa mwaka 1993 amekuwa mzazi wa vijana tunaowasema. Yeye naye hakupata mtu wa kumpangusa machozi. Alikua, akaoa ao akaolewa, akazaa, akanyamaza. Mtu ambaye hakupewa nafasi ya kulia atamfundishaje mwanawe kulia? Ndiyo maana katika nyumba nyingi kijana akianza kusema ndoto zake, baba anakasirika. Hasira ile inatoka kwa woga: mwana anagusa mahali ambapo baba mwenyewe bado anaumwa.

Na jambo hili halina kabila. Muhunde, Muhutu, Mututsi, Munyanga, Mukumu, Mutembo, kila nyumba ina mtoto wake. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya kuuliza watu wazima 998 katika Kivu na Ituri. Kati ya kila watu 100, karibu 40 walikuwa na dalili za huzuni nzito, na 50 walikuwa na dalili za kiwewe, maana yake woga wa zamani unaorudi kama ni wa leo. Kwa hiyo tukikusanyika siku ya Mungu, tusidhani mgonjwa ni yule mmoja anayepiga kelele nyuma. Wengi wanaoimba vizuri wamebeba mzigo uleule.

2. KIDONDA HIKI KINAFANYAJE KAZI?

Mtu akiona hatari, mwili wake unajitayarisha: moyo unapiga mbio, usingizi unaondoka, masikio yanasikia kila kitu. Hatari ikipita, mwili unapaswa kutulia. Lakini mtoto aliyeona hatari mara nyingi, bila mkubwa wa kumshika na kumwambia kwamba imekwisha, mwili wake unabaki zamu hata wakati bunduki zimenyamaza. Mlango ukigongwa anaruka. Harufu ya moshi inamrudisha kwenye nyumba iliyochomwa. Mwingine kinyume chake anakufa ganzi: hasikii furaha wala uchungu, anakaa kama mtu anayetazama maisha yake kutoka mbali.

Hapo ndipo wengine wanaanza kujiumiza. Mara nyingi hawatafuti kufa. Wanatafuta maumivu wanayoweza kuyaona, ili yafunike yale yasiyoonekana, ao wanataka kujua kama bado wako hai. Nafuu ile ni fupi. Nyuma yake inakuja haya, na haya inamrudisha palepale. Lakini hata asipotafuta kufa, tusilichukue kama mchezo, kwa sababu mwenye kujiumiza amekaribia kifo kuliko wenzake.

3. JE, NI PEPO?

Kanisa letu linaamini kwamba kuna roho mbaya, na hatutaki kufuta neno hilo. Lakini yeye asemaye kwamba kila anayejikata ana pepo, na asome vizuri habari ya mtu wa nchi ya Wagerasi (Marko 5). Mtu yule alikaa makaburini, akilia usiku na mchana na kujiumiza kwa mawe. Watu wa kwao walikuwa wamekwisha kujaribu pingu na minyororo. Haikusaidia kitu. Wandugu, mnyororo ulikuwa dawa ya wanakijiji, Bwana hakuutumia. Hakumpiga, hakumnyima chakula siku saba, hakumtangaza mbele ya umati. Alimwuliza jina.

Na jibu lilikuwa nini? Jina la jeshi. Legioni kilikuwa kikosi cha askari wa Roma, watu karibu 5,000. Sisi wa Masisi na Walikale tunaelewa jibu hilo kuliko watu wengi wa dunia. Kuna vijana ambao ukiwauliza jina la kitu kilichomo ndani yao, watakutajia jina la kikundi chenye silaha, jina la kilima, jina la usiku mmoja. Jeshi liliondoka kijijini, likabaki ndani ya mtoto.

Tena tazameni mwisho wa habari ile. Mtu alionekana ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Hapo ndipo watu waliogopa, wakamwomba Yesu aondoke katika nchi yao, kwa sababu nguruwe wao walikuwa wamezama. Walihesabu nguruwe, hawakumhesabu mtu. Hata leo dunia inajua kuhesabu coltan ya Rubaya na kasiterite ya Bisie. Nani anahesabu watoto wa Rubaya na wa Bisie wasiolala usiku? Kama kanisa nalo halitawahesabu, tunatofautiana wapi na watu wa ng'ambo ile ya ziwa?

Kwa hiyo tunasema neno kwa manabii na waombaji wetu, kwa heshima na bila kuficha. Karama ya kuona haikutolewa ili kumvua mtu nguo mbele ya kusanyiko. Ukionyeshwa kwamba msichana alibakwa, usilitangaze kanisani. Mwite mama mwenye hekima, akae naye kwa siri. Na usitaje mchawi katika nyumba ya mgonjwa. Kutaja kwako kunaweza kuua bibi mzee ao mtoto yatima. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatia gerezani mtu anayemshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Na hata kama sheria ingekuwa kimya, mtoto aliyepoteza wazazi kwa vita, ukimwambia kwamba ndiye aliyewala, umemwua mara ya pili.

4. JE, NI DHAMBI?

Wengine wanatuonyesha manabii wa Baali waliojikata kwa visu (1 Wafalme 18), na sheria ya Musa iliyokataza watu kujichanja kwa ajili ya wafu. Lakini yale yalikuwa ibada, watu walijikata ili mungu wao awasikie. Kijana wetu anajificha ili mtu yeyote asimwone. Tusichanganye mambo mawili.

Someni sura inayofuata. Elia, mtu wa Mungu, alikuwa ametoka mahali pa damu, tena damu aliyoimwaga yeye mwenyewe kwenye kijito cha Kishoni. Akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? Alimwita mwoga? Alimlaza usingizi. Kisha akamtuma malaika na mkate na maji, mara ya kwanza na mara ya pili, na malaika alikubali kwamba safari ilimzidi nguvu. Maneno yalikuja baadaye, na yalianza na swali, na Elia akaachwa aseme yote. Chakula, usingizi, mtu wa kukugusa, kisha masikio: huo ndio utaratibu wa Mungu kwa mtu anayetaka kufa. Sisi mara nyingi tunaanza na mahubiri.

Lakini kuna vijana wenye mzigo mzito zaidi: wale waliokuwa kadogo, waliofanya mabaya kwa mikono yao wenyewe. Kwao tunasema nini? Mkubwa aliyemtia mtoto bunduki mkononi ndiye mwenye hatia ya kwanza, mbele ya sheria na mbele za Mungu. Hata hivyo, ukimwambia kijana haraka kwamba halikuwa kosa lake, mara nyingi hatakuamini, kwa sababu yeye aliona uso wa aliyeuawa na wewe hukuuona. Mwache aseme. Mwache aomboleze mtu yule. Siku akiwa tayari, msaidie kutenda jema kwa wale walioachwa na msiba: kulima shamba la mjane, kujenga nyumba iliyochomwa. Toba yake ni kweli, nasi tusiifanye nyepesi. Lakini tusimbebeshe na mzigo wa wakubwa waliomtuma.

Vilevile msamaha usiamriwe. Kuna mahali ambapo msichana akisema tu aliyotendewa, anajibiwa palepale kwamba asamehe. Msamaha ni tunda. Hauchumwi siku mti unapopandwa. Anayemlazimisha aliyeumizwa asamehe haraka, mara nyingi anatafuta utulivu wake mwenyewe.

Na yule aliyekwisha kufa kwa mkono wake? Tunajua desturi ya pahali pengi: hakuna maombi, hakuna wimbo, maiti inapitishwa nyuma ya nyumba. Sisi tunasema azikwe, na aombewe. Mtu aliyezidiwa na homa mpaka akafa, hatumlaumu kwa sababu ya homa. Akili nayo inaumwa mpaka inashindwa. Hukumu ni ya Mungu ambaye aliona hata usiku ule wa utoto wake. Na tukumbuke kwamba mama yake amesimama pale, na wadogo zake wanasikiliza. Tukimtupa marehemu, mdogo wake aliye na mawazo yaleyale atajua kwamba hana mahali pa kuyaleta.

5. UBAYA WA KUNYAMAZA

Tamari, binti ya mfalme, alibakwa na ndugu yake wa baba mmoja (2 Samweli 13). Alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akalia njiani. Hakuficha. Ni watu waliomnyamazisha. Absalomu ndugu yake alimwambia anyamaze. Daudi baba yake alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alifanya neno lolote. Tamari akabaki ukiwa katika nyumba ya Absalomu. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni, na nyumba ile ya kifalme haikupata amani tena.

Kwetu pia kuna familia zinazopatana kwa mbuzi na pombe, na binti haulizwi. Kuna wazee wanaosema jambo limekwisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Tena tusidhani hukumu ya mahakama peke yake inatosha, ijapokuwa inahitajika. Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 2020, mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha, na mambo ya vijiji vile vya Walikale yalikuwa kati ya makosa yake. Tunashukuru kwa haki hiyo. Lakini hakimu anaweza kumfunga mwenye bunduki. Kumrudishia mtoto usingizi ni kazi ya watu wanaokaa naye.

6. MAOMBI NA DAWA

Je, tukimpeleka kijana kwa mganga wa hospitali, tumepunguza imani? Hapana. Paulo alisafiri pamoja na Luka, aliye tabibu. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi kwenye hospitali ya Masisi mwaka 2007. Goma kuna kituo kinachoitwa Tulizo Letu, kilichoanzishwa na watawa wa Frères de la Charité kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Jina hilo tu ni mahubiri. Mwenye dawa za kifafa ao za akili asiambiwe na mtu yeyote kuzitupa kwa sababu ameombewa. Aombewe huku akimeza dawa yake.

Na kuna habari njema ambayo wengi hawajaisikia. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyofanywa na wanawake waliobakwa katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wengine walisaidiwa mmoja mmoja. Wengine walikusanywa katika vikundi, wakafundishwa kuyatazama mawazo yanayowaumiza, kama lile la kusema «mimi ndiye niliyesababisha», na kuyapima kama ni kweli. Waliowaongoza walikuwa wamama wa Kongo waliofundishwa na kusimamiwa vizuri, wala si madaktari. Miezi sita baada ya mafundisho, katika wale wa vikundi walibaki 9 tu kwa 100 wenye dalili za huzuni nzito ao wasiwasi mkubwa. Katika wale wengine walikuwa 42 kwa 100. Wandugu, sisi tunazo tayari vikundi vya wamama, vya waimbaji, vya vijana. Kinachokosekana ni mafundisho, na moyo wa kusikiliza.

7. YATUPASAYO

Kwa wazazi. Mtoto akianza kujitenga, akikosa usingizi, akigawa vitu vyake, akisema amechoka na maisha, mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo, kunampa mlango. Usimwache peke yake siku hiyo. Ondoa dawa ya panya, dawa ya shamba, kamba na visu mahali anapolala. Mpeleke kwenye kituo cha afya. Na kama binti ao mvulana amebakwa, afike kwa mganga kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia ukimwi. Mambo ya kesi yatafuata.

Kwa wachungaji na manabii. Msimfunge mtu kamba. Msimpige. Msimfungishe mgonjwa kwa nguvu. Ongeeni na mwuguzi wa eneo lenu mjue njia ya kumtuma mtu kabla ya siku ya taabu kufika. Siri ya mtu isitoke katika chumba cha maombi.

Kwa vijana. Wewe unayesoma ukurasa huu na mkono wako una alama, hatukuhukumu. Kilichokupata utotoni hukukichagua. Tafuta mkubwa mmoja unayemwamini, umwambie hata neno moja. Na wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili.

Tumalize na mlinzi wa gereza la Filipi (Matendo 16). Usiku wa tetemeko aliona milango wazi, akachomoa upanga ajiue, akidhani kwamba yote yamekwisha. Paulo hakumwuliza imani yake, wala hakumwambia ni dhambi. Alipaza sauti kutoka gizani, akamzuia asijidhuru, akamhakikishia kwamba wote wapo, hakuna aliyeondoka. Mlinzi akaomba taa. Usiku uleule, mtu aliyetaka kufa aliosha vidonda vya wengine na kuwaandalia chakula nyumbani mwake.

Kwa kijana wa Masisi na wa Walikale, kanisa liwe na neno hilo kwanza: usijidhuru, sisi tupo. Na tuwepo kweli, si siku ya ibada tu, hata usiku wa manane akigonga mlango.

Mungu wa faraja yote awakumbuke watoto wa vilima vyetu na wa msitu wetu, awape usingizi. Amina.